Sanduku la Mawe ya Katanga kwa Shule za Msingi: Mapitio ya Mwalimu

Duka moja la vifaa vya shule katikati ya Lubumbashi limeanza kuuza sanduku la mawe na udongo kwa ajili ya masomo ya sayansi, nalo limezua mazungumzo mengi miongoni mwa walimu wa shule za msingi, wengine wakilisifu hata kabla ya kulifungua kwa sababu tu mawe yake yametoka hapa hapa Katanga. Nimelitumia pamoja na wanafunzi wa darasa la tano na la sita, na maoni yangu ni kwamba mawe yenyewe na vifaa vya kuyapimia ni bora kuliko bei yake, ila kijitabu kilichoambatana nayo ni dhaifu kiasi kwamba mwalimu atakayekifuata neno kwa neno atafundisha makosa mawili na kuwapa watoto zoezi moja la hatari.

Sanduku ni la mbao, lina vyumba vidogo vilivyotenganishwa kwa vibao vyembamba, na mfuniko wake hufungwa kwa kitasa kidogo cha shaba ambacho, kusema kweli, kilianza kulegea mapema. Ndani yake mna mawe ya shaba, yaani malakiti, krisokola na kalkopiriti, pamoja na heterojeniti, hematiti, dolomiti, kwatzi, udongo wa kichuguu, udongo mwekundu, mchanga wa mtoni, kipande cha taka nyeusi ya tanuri na kipande kidogo cha shaba safi iliyokatwa kutoka kwenye bamba la kiwandani. Vifaa vya kupimia ni kigae cheupe cha kaure kisichong'arishwa, kipande cha kioo, msumari, sumaku ndogo isiyo na nguvu za kutosha, lenzi ya kukuzia na kichupa cha siki. Aliyepanga vitu hivi alifanya uamuzi mmoja wa busara sana: kila jiwe limebandikwa namba tu, na majina yote yako kwenye karatasi tofauti ambayo mwalimu anaweza kuificha mezani mwake. Watoto wa mji huu wamezoea kutaja majina ya madini tangu utotoni, kwa kuwa wengi wana baba au mjomba anayefanya kazi mgodini, kwa hiyo wakipewa jina kwanza hawaoni tena sababu ya kuliangalia jiwe. Namba huwalazimisha kupima.

Kigae ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote. Hematiti na heterojeniti zikiwekwa kandokando juu ya dawati, zote mbili ni nzito na nyeusi, na darasa langu lote lilisema kwa sauti moja kwamba ni jiwe lile lile lililovunjwa vipande viwili. Zikasuguliwa kwenye kigae: ya kwanza ikaacha mstari mwekundu kama tofali lililochomwa, ya pili ikaacha mstari wa kahawia uliokolea unaokaribia kuwa mweusi. Hapo ndipo mwalimu anaweza kueleza kwamba rangi ya nje ya jiwe hudanganya, kwa sababu hewa, maji na mkono wa mtu huibadilisha, lakini unga wake haubadiliki kwa urahisi. Na kwamba jiwe la kwanza ni la chuma, ambalo lina ukoo mmoja na kile kinachoupa udongo wetu wekundu wake, ilhali la pili ni jiwe la kobalti. Kalkopiriti nayo iliwasisimua kwa namna nyingine. Rangi yake ya manjano inayong'aa iliwafanya wengine wanong'one habari za dhahabu, mpaka kigae kilipoonyesha mstari mweusi wenye ukijani, ilhali dhahabu ingeacha mstari wa dhahabu. Kipimo cha kioo, ambacho kwatzi hukikwaruza na dolomiti hushindwa, kinafanya kazi yake vizuri na hakihitaji maelezo mengi.

Somo lililonishawishi zaidi ni lile la msumari. Unga wa malakiti, uliokwisha kusagwa na kufungwa ndani ya kichupa, humiminwa kijiko kimoja katika glasi yenye siki, na viputo vidogo huanza kupanda polepole, kwa kuwa malakiti ni kaboneti ya shaba na asidi iliyomo ndani ya siki huitoa gesi ya kaboni dioksidi. Glasi ikiachwa hadi siku ya pili, maji yake hugeuka kuwa ya buluu yenye ukijani, na hapo mwalimu hutumbukiza msumari wa chuma uliosuguliwa kwa msasa. Baada ya muda mfupi sehemu iliyozama huvaa rangi nyekundu ya shaba, na mpaka huonekana wazi mahali maji yalipoishia. Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliukwangua msumari kwa ukucha, akaona chuma chini yake, kisha akauliza: «Mwalimu, kumbe shaba ilikuwa ndani ya siki?»

Kijitabu kilipaswa kujengwa juu ya swali hilo, lakini kinalipita kwa sentensi moja na kuendelea na orodha ya matumizi ya shaba. Jibu lake lingeweza kujaza kipindi kizima. Siki iliitoa shaba ndani ya jiwe na kuifanya ikae majini bila kuonekana. Msumari ulipoingia, chuma kidogo kikaingia majini na shaba ikakaa mahali pake. Viwanda vingi vya ukanda wetu, kutoka hapa hadi Kolwezi, hufanya kazi ya aina hiyo kwa kipimo kikubwa: mawe husagwa, huloweshwa katika asidi ya salfuriki, maji yenye shaba husafishwa, kisha umeme hupitishwa ndani yake ili shaba ijikusanye juu ya mabamba. Mabamba hayo ndiyo watoto wanayoyaona yamefungwa juu ya malori yanayoelekea mpakani Kasumbalesa, na kipande kilichomo sandukuni kimekatwa kutoka kwenye bamba la namna hiyo. Mwalimu asiyejua mnyororo huo hataupata kijitabuni, na mtoto ataondoka akidhani kwamba ameonyeshwa mchezo wa rangi tu.

Kuhusu taka nyeusi ya tanuri, nilitarajia kidogo nikapata kingi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na tanuri lake la kuyeyushia shaba, lililojengwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Bomba la moshi na mlima mweusi wa taka ulio kando yake vinatambulika na kila mtoto aliyewahi kupita karibu na mto Lubumbashi. Kijitabu kinaeleza, kwa usahihi, kwamba taka hiyo ilitupwa kwa miaka mingi kwa sababu shaba yake ilikuwa imekwisha kutolewa, na kwamba baadaye ilianza kusindikwa upya kwa kuwa bado ilikuwa na kobalti na madini mengine, likiwemo jermaniamu, ambalo hapo awali halikuwa na soko la maana. Watoto walielewa kutokana na kipande hicho, haraka kuliko nilivyotazamia, kwamba jiwe huitwa rasilimali pale tu watu wanapokuwa na ujuzi wa kulitumia na sababu ya kulihitaji.

Udongo wa kichuguu, kwa upande wake, umepewa mistari miwili tu, eti «hutumika kutengenezea matofali», na hii ni hasara ya kusikitisha. Ni kweli kwamba matofali mengi ya mitaa yetu yanatokana na vichuguu, ambavyo hapa hufikia kimo cha mita kadhaa. Lakini wafua shaba wa zamani wa Katanga, karne nyingi kabla ya reli kufika, walijenga matanuri yao kwa udongo huo huo wa kichuguu, wakajaza malakiti na makala (makaa ya miti), wakavukuta hadi shaba ikayeyuka, kisha wakaimimina katika umbo la misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Misalaba hiyo imepatikana katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, na watoto wanaitambua mara moja kwa sababu imechorwa kila mahali. Sanduku lina malakiti, lina udongo wa kichuguu na lina shaba, vitu vitatu vilivyotosha kusimulia kisa chote hicho, na mwandishi wa kijitabu akaviacha kila kimoja katika chumba chake. Kinyume chake, kadi yenye picha ya ua la shaba, mmea ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense na ambao huota mahali ambapo udongo una shaba nyingi kiasi cha kuizuia miti, imeandikwa kwa ustadi, na ningependa mtu aliyeiandika angepewa kazi yote.

Sasa makosa. La kwanza ni la hesabu. Kijitabu kinasema kwamba mawe ya shaba ya Katanga yana asilimia 57 ya shaba, na takwimu hiyo ni sahihi kwa malakiti safi peke yake. Mwamba unaochimbwa mgodini ni mchanganyiko wa dolomiti, udongo na mengine mengi, na katika ukanda wetu kiwango cha asilimia 2 hadi 4 huhesabiwa kuwa kizuri, wakati migodi mingi mikubwa ya nchi nyingine huridhika na chini ya asilimia 1. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mtoto: tani moja ya mwamba wenye asilimia 3 hutoa, iwapo hakuna kinachopotea, kilo 30 za shaba, na kilo 970 zinazobaki lazima ziwekwe mahali fulani. Niliwaambia wanafunzi wafute namba ya kijitabu na wafanye hesabu hiyo wenyewe, na ndipo mmoja wao akataka kujua kilo hizo 970 huwekwa wapi.

Kosa la pili ni kuyaweka makala katika safu ya rasilimali zisizoisha, kwa hoja kwamba mti hukua tena. Mti wa miombo hukua tena, ndiyo, ukiachwa miaka ya kutosha. Lakini pembezoni mwa Lubumbashi miti inakatwa upesi kuliko inavyokua, na kila mama anayenunua gunia la makala anajua kwamba sasa linatoka mbali zaidi kuliko zamani. Jedwali linalogawa rasilimali zote katika safu mbili, zinazoisha na zisizoisha, linamnyima mtoto nafasi ya kuuliza juu ya kasi ya matumizi. Shaba yenyewe, iliyowekwa katika safu ya zinazoisha, inaweza kuyeyushwa na kutumika tena mara nyingi, na mafundi wetu wanaogonga picha kwenye mabamba ya shaba wangeweza kulieleza hilo darasani bila kuhitaji jedwali.

Jambo la hatari limo katika zoezi la nyumbani. Wanafunzi wanaagizwa kuokota mawe matano ya rangi mbalimbali karibu na makazi yao, kuyaponda kwa nyundo na kuleta unga wake shuleni. Katika mji mwingine zoezi hilo lingekuwa zuri. Hapa, mtoto anayeambiwa atafute mawe ya rangi ataelekea moja kwa moja kwenye mashimo yaliyoachwa wazi, kwenye kingo za migodi au kwenye udongo uliochafuliwa na moshi na vumbi vya miaka mingi, na vumbi la mawe ya shaba na kobalti halifai kuvutwa na mapafu ya mtu yeyote. Nimeliondoa kabisa, nikaweka badala yake jaribio la chupa: udongo wa bustani ya shule, maji, mtikiso wa nguvu, kisha kusubiri mchanga utue chini na tope laini libaki juu. Onyo la kunawa mikono kwa sabuni limechapishwa katika ukurasa wa mwisho, mahali ambapo hakuna anayefika, na hakuna neno lolote linaloeleza kwamba maji ya buluu ya jaribio la msumari ni sumu na hayafai kuachwa mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kuyanywa.

Ninaongeza dai moja kwa muuzaji. Heterojeniti ya Katanga mara nyingine huwa na chembe za urani, na kipande kilichomo sandukuni hakina karatasi inayoonyesha kwamba kimepimwa. Muuzaji alinijibu kwa adabu kwamba mawe yote «yamechaguliwa na mtaalamu», jibu ambalo halitoshi. Hadi kipimo kitakapotolewa, mimi nakiweka kipande hicho katika kichupa cha kioo kilichofungwa, watoto wanakiangalia kwa lenzi, na kukisugua kwenye kigae ni kazi yangu.

Kuhusu kobalti, kijitabu kinataja betri za simu na za magari kwa picha nzuri, na kinasema kwamba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, jambo ambalo ni kweli, kwa kuwa ni zaidi ya theluthi mbili. Kati ya jiwe na betri, hata hivyo, hakuna mtu hata mmoja katika picha zote: hakuna mchimbaji mwenye sururu, hakuna dereva, hakuna mama anayeosha mawe mtoni. Watoto wa darasa langu walijaza nafasi hiyo wenyewe kwa kusimulia kazi za nyumbani kwao, na sikuwazuia.

Bei yake ni dola 45 za Kimarekani, nayo inalipika iwapo shule mbili zitachangiana. Kwa darasa la watoto 60 sanduku moja halitoshi, lakini hakuna haja ya kununua la pili: vigae vilivyovunjika hupatikana bure kwa mafundi wa ujenzi, ambao upande wa nyuma wa vigae vyao hufaa kwa kusugulia, siki na misumari vipo katika kila soko, na malakiti inaweza kuombwa kwa wachongaji wanaotengeneza mikufu, ambao hubaki na vipande wasivyovihitaji. Kitasa kibadilishwe kabla hakijadondoka. Kijitabu kibaki kabatini, isipokuwa kadi ya ua la shaba na ukurasa wa taka ya tanuri, ambavyo mimi nimevibandika ukutani.