Shabaha za mazoezi ya kukata kwa upanga: ipi ununue kwanza

Wengi wakianza mazoezi ya kukata humaliza pesa zote kwenye upanga, halafu hukata chochote kilicho karibu. Mimi naona wamepindua mambo. Upanga utakaa nao miaka. Shabaha ndizo utakazonunua tena na tena, na ndizo zitakazokwambia kama makali yalikwenda sawa na njia ya mkono, kitu ambacho Wajapani hukiita hasuji. Nimezipanga hapa kwa kigezo hicho tu: ipi inakuumbua vizuri unapokosea.

1. Mkeka wa tatami, ule wa sakafuni wa Kijapani. Unaotakiwa ni ule uso wa juu uliofumwa kwa nyasi za igusa, tatami omote, si godoro lake zima. Mkeka huviringishwa na kukazwa sana, hufungwa, hulowekwa majini usiku kucha au zaidi, kisha husimamishwa uchuje maji. Hii ndiyo shabaha ya kawaida ya tameshigiri, yaani mazoezi ya Kijapani ya kujaribu mkato, na hakuna inayoacha ushahidi kama huu. Kata kwa mshazari wa digrii 45 hivi, kisha okota kipande kilichoanguka. Uso wake ukiwa umenyooka na laini, umekata. Ukiwa umebonyea kama kijiko, makali yaligeuka yakiwa ndani. Nyasi zikiwa zimechanika upande wa kutokea, upanga uliishiwa mwendo. Mkato mbaya kabisa huishia katikati, na hapo panga hupinda.

Kabla hujalipa, tazama nyuzi zilizoshikilia nyasi: pamba au katani ni sawa, nailoni iache. Kuna mikeka ya plastiki au karatasi inayofanana sana na ya igusa. Hiyo ni ya kukalia. Mikeka iliyokwisha kutumika ni rahisi zaidi na inafaa, ila ikung'ute vumbi na mchanga, na upapase kingo zake usije ukakuta pini. Anayeanza aupasue mkeka mmoja apate viringo viwili vyembamba.

2. Chupa za maji. Kwa mwezi wa kwanza ningeanza na hizi, maana hazina gharama. Chagua za plastiki nyembamba, za lita 1.5 au 2, bandua lebo kwa sababu gundi hung'ang'ania upanga, kisha zijaze maji. Ukipiga kwa bapa, chupa inaruka na kubonyea. Ukikata sawa, kitako kinabaki pale pale juu ya stendi, maji yametulia ndani. Tatizo lake ni upole: mwenye nguvu na kasi anaweza kupasua chupa huku pembe ya makali ikiwa imepotoka kidogo, akajisifu bure. Halafu chuma cha kaboni hakipendi maji, kwa hiyo futa upanga mara moja, upake mafuta.

3. Udongo wa mfinyanzi. Mzito na unachafua, lakini njia yote ya makali husomeka juu yake, na ukifinyangwa unatumika tena. Utoe changarawe zote kwanza.

4. Mirija ya povu ya kuogelea. Ni myepesi mno, hivyo hukimbia upanga butu au ulioingia kwa pembe isiyo sawa. Nzuri kwa kasi. Haikufundishi kupita kwenye kitu kizito.

5. Magazeti yaliyolowekwa. Bei yake inavutia, ila karatasi hula makali haraka. Dharura tu.

6. Mwanzi. Mbichi, wa kijani, kwa mtu ambaye mkeka haumsumbui tena. Mkavu usiuguse: ni mgumu, unamenyua makali, na vipande vyake huruka hovyo.

Stendi nayo inunuliwe kwa akili. Kigingi cha kuchomekea mkeka kiwe cha mti, kwa sababu siku utakayokata chini mno, heri kife kigingi kuliko makali. Kitako kiwe kipana, na nyuma yake pasisimame mtu.

Na upanga wa kufanyia kazi hii uwe wa chuma cha kaboni kilichotiwa ugumu, wenye msuka unaoingia vizuri ndani ya mpini. Iaito (upanga wa mazoezi usio na makali) ya aloi ya alumini na panga za kupamba ukutani hazikati kitu. Kabla ya kila zoezi kagua mekugi, kile kijiti cha mwanzi kinachofunga msuka na mpini. Kikiwa na ufa au kikicheza, badilisha kwanza.