Nimelala kwenye nyumba ya mashua kijijini Ine, Japani: uchambuzi wangu

Asalaam aleikum, hamjambo wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo sichambui simu wala friji, leo nachambua malazi. Nimelala siku mbili kwenye nyumba ya wageni iliyojengwa pale pale maji yanapoanzia, kijijini Ine, upande wa kaskazini wa mkoa wa Kyoto, Japani. Nimelipa kwa pesa yangu, hakuna aliyenialika, na wenyeji wangu wala hawajui kama nina chaneli.

Hiyo sauti mnayoisikia nyuma yangu si bomba linalovuja. Ni bahari. Ngoja nishushe kamera. Mnaona? Hapa nilipokaa ni ubao, mbele yangu kuna mteremko wa mawe, na maji yanaingia mpaka humu ndani. Bahari inaingia nyumbani kama mgeni aliyezoeleka, haibishi hodi.

Nyumba hizi huitwa funaya, maana yake nyumba ya mashua. Chini ni pa kuingizia mashua, juu zamani palikuwa stoo ya nyavu na kamba, na wenye nyumba wanaishi kwenye nyumba kubwa ng'ambo ya barabara. Ziko kama 230, zimebanana ukuta kwa ukuta kuizunguka ghuba yenye ukingo wa kama kilomita 5. Mwaka 2005 serikali iliutia mji huu kwenye orodha ya majengo ya jadi ya kuhifadhiwa, ndiyo maana hamwoni ghorofa la vioo hapa. Baadhi ya funaya ghorofa zake za juu zimegeuzwa vyumba vya wageni, na mimi nimelala kwenye mojawapo.

Sasa nisikilizeni kwenye hili, maana ndilo lililonileta. Mimi nimezaliwa Kigombe, pale kati ya Tanga na Pangani. Babu yangu alikuwa mvuvi wa dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa. Nimekua nikijua kwamba bahari ina saa zake: inajaa, inakupwa, na siku za bamvua inakwenda mbali mpaka kina mama wanatembea kwa miguu kutafuta pweza mahali ambapo asubuhi palipita ngalawa. Siku hizo kwetu tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Kwa hiyo nilipoingia humu, swali la kwanza halikuwa la wifi. Nilijiuliza, maji yakijaa hawa watu wanalala wapi? Na yakikupwa, hiyo mashua si itabaki juu ya matope?

Nikamwuliza bibi mwenye nyumba, kwa simu ya kutafsiri. Hakujibu kwa maneno. Alivaa ndara zake, akashuka kwenye mteremko, akanionyesha jiwe. Juu ya jiwe kuna mkanda wa kijani, ule utelezi unaoota mahali maji yanapopanda na kushuka. Akaweka mkono wake pale, kiwiko chini, vidole juu. Mkanda wote umeishia kwenye vidole vyake. Dhiraa moja! Bahari hii inapanda na kushuka dhiraa moja tu, basi.

Baadaye nilisoma nikaelewa. Bahari ya Japani imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na milango inayoiunganisha na bahari kuu ni myembamba na haina kina kirefu, hivyo maji hayapati nafasi ya kuingia na kutoka kwa wingi. Halafu ghuba yenyewe imetazama kusini, wakati pepo kali za huku wakati wa baridi zinatoka kaskazini-magharibi, na mgongoni kuna milima inayozikinga. Na mdomoni mwa ghuba kuna kisiwa kidogo, Aoshima, kimekaa kama kizibo. Mawimbi yakija, yanakikuta kisiwa kwanza. Ndiyo sababu mtu anathubutu kujenga nyumba ya mbao na kuizamisha miguu baharini. Kigombe nyumba kama hii isingemaliza msimu mmoja wa kusi, ule upepo mkali wa kusini.

Na ndiyo sababu ya utulivu ninaouchambua leo. Watu wakisema mahali patulivu huwa wanamaanisha hakuna muziki. Hapa bahari yenyewe imetulia. Usiku nililala nimeacha dirisha wazi kidogo, na nilichokisikia ni maji yakilamba jiwe, kimya, yakilamba tena.

Haya, twende chumbani. Ngazi hizi jamani ziangalieni. Ni kali, karibu kama ngazi ya kupandia dari. Kama umekuja na mama yako mwenye magoti mabovu, au una mtoto anayeanza kutembea, waambie wakutafutie nyumba yenye chumba cha chini, kabla hujalipa. Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu picha za mtandaoni zinaonyesha dirisha, hazionyeshi ngazi.

Juu ni chumba cha tatami, yaani mikeka minene iliyobana sakafu nzima, ina harufu nzuri ya majani makavu. Viatu umeviacha mlangoni, na hata ndara za ndani huingii nazo kwenye tatami. Hakuna kitanda. Jioni unatandikiwa futoni, godoro jembamba la kulalia chini. Mimi mgongo wangu umelipenda, ila aliyezoea godoro la inchi kumi atahisi sakafu. Utapewa na yukata, kanzu ya pamba ya kulalia. Unapoivaa, upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Ukigeuza, umevaa kama anavyovishwa maiti, na wenyeji watashtuka.

Nimekuja mwezi wa 11, na baridi ipo. Wamenipa hita ya mafuta ya taa na blanketi mbili, lakini kuta ni mbao na upepo unapata njia. Mvua nayo huku inakuja na kuondoka mara tano kwa siku. Wana msemo wao: ukisahau chakula, usisahau mwavuli. Mimi nilisahau mwavuli.

Bafu. Najua wengi mnaogopa habari ya kuoga Japani. Kwenye nyumba ndogo kama hii bafu ni moja, mnaingia kwa zamu, na mlango unafungwa. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua, unajisuuza sabuni yote iishe, ndipo unaingia kwenye beseni kubwa la maji ya moto kujiloweka. Maji yale hayamwagwi ukitoka, kuna mwenzako anayafuata, kwa hiyo ukiingia na sabuni umemharibia. Kwenye chemchemi za moto za umma ni jambo lingine, huko mnaoga uchi pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao. Anayejali stara zake, nyumba kama hii inamfaa zaidi.

Chakula sasa. Hapa nakaa kidogo.

Sisi Waislamu tatizo kubwa Japani si nguruwe, nguruwe unamkwepa. Tatizo ni pombe ya kupikia. Kuna sake, kuna mirin ambayo ni tamu, na zinatiwa kwenye mchuzi, kwenye samaki wa kuchoma, kwenye mboga, hata usipodhani. Kwa hiyo wiki moja kabla niliandika ujumbe kwa Kijapani, kwa msaada wa rafiki yangu wa kazini Osaka: situmii nguruwe, situmii pombe hata ya kupikia, samaki na chumvi vinanitosha. Nilipofika, bibi alikuwa ameuchapa ujumbe wangu na kuubandika jikoni. Mchuzi wa soya, ambao nao wakati mwingine huwa na pombe kidogo, aliuweka pembeni, kwenye kibakuli chake, niamue mwenyewe. Usimshtukize mtu jioni ile ile, maana chakula cha nyumba hizi kinaanza kutayarishwa asubuhi.

Samaki wa hapa anayesifika ni buri, wa ukoo mmoja na kolekole wetu, na baridi ikizidi ndipo ananenepa mafuta. Nililetewa vipande vyembamba vibichi na sufuria ndogo ya maji yaliyochemshwa na mwani, moto uko mezani. Unakishika kipande kwa vijiti, unakipitisha kwenye maji mara mbili tatu, rangi inageuka nyeupe pembeni huku katikati bado wekundu, unakula. Kama wewe samaki mbichi humwezi, kiache kiive mpaka ndani, hakuna atakayekushangaa. Mimi nilianza kwa kuivisha, nikaishia kula nusu mbichi, na ule utamu wa mafuta yake sijui niuelezeje.

Asubuhi ndiyo iliyonigusa. Wali, supu ya miso, yaani ya soya iliyochachushwa, yai, mwani mkavu, na samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa usiku, halafu akabanikwa. Nikamtazama, nikasema huyu ni ng'onda! Ng'onda kabisa, ila hakukauka sana, ndani bado laini. Nilikula kimya. Miaka minne niko ughaibuni, na ladha ya nyumbani nimeikuta mezani kwa bibi ambaye Tanga hajawahi kuisikia.

Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili, na ni saa kumi na mbili kweli. Basi langu lilichelewa, nikaingia saa kumi na mbili na robo, nikawakuta familia nzima wamesimama mlangoni na wasiwasi. Nilijisikia vibaya. Kama utachelewa, piga simu.

Malipo. Nililipa yeni 18,000 kwa usiku mmoja, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi. Kwa siku niliyolipa ilikuwa kama dola 120. Kwenye mtandao mmoja wa kuwekea nafasi waliandika kadi zinakubalika. Si kweli, wenye nyumba hawana hata mashine ya kadi, na nilikuwa na yeni 9,000 mfukoni. Bibi aliniambia nilale tu, kesho nitakwenda posta kwenye mashine ya pesa. Nilikwenda, nikalipa. Lakini wewe usimtegemee mtu akuamini hivyo, njoo na fedha taslimu zote.

Je, ni ghali? Ukilinganisha na hoteli ya kawaida mjini Osaka, ndiyo. Lakini ukitoa gharama ya milo miwili ya samaki wa namna ile, chumba chenyewe kinabaki na bei ya kawaida. Mimi usiku wa pili niliulipa bila kujishauri mara mbili.

Njia haina ugumu: treni ya haraka kutoka Kyoto mpaka Amanohashidate, kama saa mbili, kisha basi kama saa moja kandokando ya bahari. Mabasi si mengi na ya jioni yanakwisha mapema, angalia ratiba kwanza. Wanaotoka Tanzania na Kenya, visa ni lazima, ianze mapema.

Nani asije? Anayetaka kutoka usiku, kwanza. Mji una watu wapatao elfu mbili, na saa mbili usiku ni giza na maji tu. Anayelala mpaka saa nne asubuhi naye atasumbuka, kwa sababu wavuvi wanaondoka kabla ya alfajiri na injini zao zinapita chini ya dirisha lako. Mimi ziliniamsha kwa wakati wa sala, nikashukuru. Kibla kutoka huku ni magharibi, ikielekea kaskazini kidogo.

Na tafadhali, nawaomba kama ndugu zangu: hizi ni nyumba za watu. Nimeona wageni wanapenya uchochoroni kati ya nyumba mbili wapige picha za maji, kumbe wako uani kwa mtu, nguo zake zimeanikwa. Ukitaka kuziona funaya vizuri, panda boti ya kutembeza watalii, inazunguka ghuba kwa dakika kama 25, unaziona zote kutoka majini, ndiko uso wake ulikoelekea. Chakula shika vizuri tu, mwewe wa huku wanachukua mkononi.

La mwisho nililolirekodi ni la leo asubuhi. Bibi alikuja na kichwa cha yule buri wa jana na miiba yake kwenye ndoo. Pale chini ya mteremko kuna kamba imefungwa kwenye nguzo. Akaivuta, ikatoka tundu la waya, wao wanaliita mondori, lina mlango unaoruhusu kuingia usioruhusu kutoka. Ndani samaki watatu wadogo na kaa. Nikamwambia babu yangu alikuwa akisuka dema kwa fito, mlango wake ni huu huu. Simu ikatafsiri, sijui ilitafsiri nini, ila alinipa kamba. Nikatia kile kichwa ndani, nikafunga, nikaliteremsha taratibu kama nilivyofundishwa, bila kulirusha.

Nitaiacha kamera hapa hapa kwenye ubao, dakika moja, sisemi kitu. Vaeni spika za masikioni.