Gundi ipi ununue ya kuipa uzito losheni, jeli na sabuni: nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja kanitumia picha ya tangazo, kuna mtu anauza "gundi ya seli za mmea zilizokuzwa maabara", kichupa cha mililita 30, na kwa bei ile unachukua kilo nzima ya zanthani, gundi ya unga ya kawaida, Kariakoo na nauli ya kurudi inabaki. Ananiuliza dada hii ninunue nifanyie jeli ya nywele? Nikamwambia subiri kwanza, maana hilo swali napata kila mwezi kwa sura tofauti, leo nimalize lote.

Kabla ya kutoa hela jiulize unatengeneza nini, kwa sababu hapa ndo watu wengi tunapigwa. Gundi nzuri ya losheni inaweza kukuharibia kondishena, na ya sabuni ya deki ukiipaka usoni utajuta. Mimi natengeneza jeli ya nywele, losheni na sabuni ya maji, nafanyia nyumbani na mizani ya digito na blenda ya mkono, kwa hiyo huu mpangilio ni wa mtu wa ndoo ya lita 20. Mwenye kiwanda ana hesabu zake.

Namba 1, zanthani. Kama una hela ya kununua gundi moja tu nunua hii na usisikilize mtu. Kwenye vifungashio vya chakula utaiona kama E415, ndo hiyohiyo inayowekwa kwenye sosi na mikate isiyo na ngano, na wachimba mafuta wanaitia kwenye tope la kuchimbia visima. Watu wanadhani inatoka kwenye mti, hapana, inatengenezwa na bakteria anaitwa Xanthomonas campestris, yuleyule anayeozesha kabichi na sukuma shambani, analishwa sukari kwenye tangi anatoa huo ute. Wamarekani waliigundua kwenye maabara ya serikali ya kilimo kule Peoria, Illinois, na mwaka 1969 wakairuhusu kwenye chakula.

Kwa nini naiweka juu? Haiogopi chumvi, haiogopi ndimu, haiogopi joto la jua la Dar losheni ikisahaulika kwenye gari, na inatumika kidogo sana. Losheni ya lita moja gramu 3 mpaka 5 zinatosha, jeli ya nywele gramu 10. Afu ina tabia moja naipenda, ikitulia ni nzito ukiikamua inalegea ukiacha inarudi, ndo maana chembe za skrabu zinaelea katikati ya kopo hazizami.

Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza madonge, ukiimwaga kwenye maji moja kwa moja inafanya madonge kuliko uji wa mtu anayejifunza, nje yamelowa ndani unga mkavu, utakoroga mpaka kesho. Dawa yake koroga kwanza unga na glisirini (gramu 10 za unga, glisirini vijiko vitatu vinne) mpaka iwe kama rojo, ndo uimwagie maji huku blenda inazunguka. Ya pili ni mlenda, ukizidisha unapaka mkononi unahisi umeshika bamia. Kama jeli yako inateleza hivyo punguza, usiongeze marashi ukidhani utaficha.

Na usiiweke kwenye kondishena zenye viambato vya chaji chanya, vile vya kulainisha nywele, kwa sababu zanthani ina chaji hasi, vikikutana vinashikana unapata vinyuzinyuzi kama maziwa yaliyokatika.

Hapo sasa ndo inaingia namba 2, HEC, wengi wanaijua kwa jina la Natrosol. Hii ni selulozi, yaani nyuzi za miti au pamba zilizobadilishwa kiwandani ili ziyeyuke kwenye maji, na ndo hiyohiyo inayozipa uzito rangi za maji za ukutani. Haina chaji kwa hiyo kondishena inakaa nayo vizuri, na jeli yake inang'aa kama kioo wakati ya zanthani ya kawaida ina ukungukungu. Kama unauza jeli kwenye kopo la plastiki nyeupe inayoonyesha ndani, mteja ananunua kwa macho, hapo HEC inaipita zanthani. Weka gramu 10 mpaka 15 kwa lita, nyunyizia kwenye maji ya baridi huku unakoroga, afu pasha taratibu, ukiona mara ya kwanza haijashika usiongeze unga, subiri, wengine tumeongeza tukaamka asubuhi tumekuta tofali. Nimeiweka ya pili kwa sababu upatikanaji wake ni wa bahati, leo ipo wiki ijayo hamna, na chembe haziwezi kuelea humo kama kwenye zanthani.

Namba 3 ni CMC, nayo ni selulozi iliyobadilishwa, lakini kwa sabuni tu. Wote tuliopita mafunzo ya sabuni ya maji tunaijua, bei chee, ipo kila duka la kemikali, na kwenye sabuni ya kufulia ina kazi ya ziada maana inazuia uchafu uliotoka usirudi kung'ang'ania nguo. Ila jamani, kama sabuni yako ina sless (ile ya kutoa povu na kusafisha) ya kutosha jaribu chumvi ya kawaida kwanza, kidogokidogo, itashika uzito bila CMC kabisa, na ukizidisha chumvi inarudi kuwa maji, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. CMC nyingi inatumika kuficha sabuni yenye sabuni kidogo, mteja anaona nzito anadhani kali kumbe ananunua maji mazito. Wanaofanya hivyo mnajijua.

Namba 4, gua. Hii ni unga wa mbegu za jamii ya kunde inayolimwa sana India, Rajasthan hasa, na India ndo inatoa sehemu kubwa ya gua ya dunia nzima. Ya kawaida, E412, mimi siipendi kwa vipodozi, ina harufu ya maharage mabichi na rangi ya vumbi, na inaoza haraka. Lakini kuna gua iliyobadilishwa ikapewa chaji chanya, hiyo kwenye shampuu ni kitu kingine kabisa, inashika kwenye unywele, mtu akisuuza anahisi nywele laini, na gramu 2 mpaka 5 kwa lita zinatosha, ila aina nyingi zinataka udondoshee asidi ya ndimu kidogo ndo zifunguke. Ukiipata hiyo inapanda mpaka namba 2 kwa mtu wa shampuu. Ya kawaida waachie wapishi.

Na gua inakufundisha kitu kuhusu bei. Mwaka 2012 hivi ilipanda vibaya sana kwa sababu makampuni ya mafuta ya Marekani yalikuwa yanaitaka kupasulia miamba ardhini, wakulima wa Rajasthan wakafurahi, watengeneza aiskrimu wakalia. Wewe uko Mbagala na ndoo yako, bei yako inaamuliwa na visima vya mafuta vya Texas.

Namba 5 kabomeri, ile ya Carbopol. Najua wengi mtanibishia maana jeli yake ni nzuri kuliko zote kwa macho, gramu 2 mpaka 5 tu kwa lita, na vitakasa mikono vingi vya jeli vya 2020 vilikuwa nayo mpaka ikaadimika dunia nzima. Shida yake inadeka. Lazima uipe TEA au kostiki soda kidogo, vya kuua uchachu wake, ndo ishike, na ikikutana na chumvi inakufa. Mimi nilitengeneza lita 20 za jeli ya alovera, kabomeri imeshika safi kabisa, nikamwaga juisi ya alovera fresh kutoka uani, ndani ya dakika chache ndoo nzima ikawa maji ya kunawa. Alovera ina madini, madini ni chumvi, basi. Mtu anayeanza asianze na hii.

Namba 6 gundi ya migunga, gamu arabiki, na hapa naomba nieleweke. Ni gundi ya heshima kuliko zote hizi, Sudan wanaikinga Kordofani kutoka kwenye mgunga wanaouita hashabu, kaskazini mwa Kenya pia inakingwa, kuanzia Isiolo na Samburu mpaka Turkana na Wajir. Soda zinaihitaji ili mafuta ya ladha yasiogelee juu, wino unaihitaji, na Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo mwaka 1997 gamu arabiki ikaachwa iendelee kuuzwa, yaani soda iliokoa gundi. Lakini wewe unatafuta uzito, na yenyewe haina uzito! Unaweza kuyeyusha gramu 300 kwenye lita bado inamwagika kama asali nyepesi. Kazi yake ni kushikanisha mafuta na maji na kuacha utando mwembamba unaoshika, kwa hiyo kama unatengeneza maskara au kitu cha kulaza nyusi nunua, kama ni losheni ya kopo utamaliza hela. Na tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023 mzigo umekuwa wa wasiwasi.

Sasa hiyo ya seli za mmea, namba 7, ya mwisho, na sio kwa sababu ni uongo. Sayansi yenyewe ni ya kweli kabisa. Wanachukua kipande cha mmea, wanakifanya kiote bonge la seli ambazo si jani wala mzizi, wanazitia kwenye maji yenye sukari na homoni, zinatikiswa usiku na mchana, na seli zenyewe zinaachia ute kwenye yale maji. Ukichuja seli ukamimina spiriti, ute unajikusanya unauopoa, ndo gundi. Imefanyika kwa seli za peasi, tumbaku, waridi, na hataza za kuitumia kwenye vipodozi zipo tangu miaka ya 1990. Wazo lilikuwa zuri, gundi isiyotegemea mvua ya Rajasthan wala vita vya Sudan, kila tangi sawa na lililopita.

Kilichoikwamisha ni mwendo. Bakteria wa zanthani anajizidisha ndani ya masaa, seli ya mmea mara nyingi inachukua siku nzima mpaka siku kadhaa kuwa mbili, na muda wote huo tangi lazima liwe safi kama chumba cha upasuaji kwa sababu ukungu mmoja tu ukiingia unakula sukari yote kabla seli zako hazijaamka. Gharama hiyo unaweza kuilipa kama unatengeneza dawa ya saratani, na kweli paklitakseli inatengenezwa hivyo, au rangi ghali, Wajapani walitoa lipstiki yenye shikonini, rangi nyekundu iliyotoka kwenye seli za namna hii, miaka ya 1980. Kwa kitu cha kuipa uzito losheni hapana.

Kwa hiyo unachouziwa mara nyingi wala sio gundi, ni dondoo ya seli, tone kidogo ndani ya maji na glisirini, kazi yake kuandikwa kwenye lebo. Ile maarufu ya seli za tufaha la Uswisi iliyotoka mwaka 2008, ukisoma orodha ya viambato vyake utakuta zanthani imo. Yaani wao wenyewe walipotaka uzito walienda namba 1.

Kuhusu dukani, kuchakachua kupo. Niliwahi kuuziwa "zanthani" ambayo ilikuwa zaidi ya nusu wanga, jeli ikaanza kunuka siku ya nne. Tangu hapo nina vipimo viwili. Nunua gramu 50 kwanza, usinunue kilo. Koroga kidogo kwenye maji ya moto, acha ipoe kabisa, dondoshea aidini ya famasi, ikigeuka bluu nyeusi humo kuna wanga, rudisha. Cha pili, gramu 5 kwenye nusu lita, ikishashika vizuri tupia punje za ulezi ukoroge, uache usiku kucha, zanthani ya kweli inazishikilia palepale ulipoziacha, CMC na gua zitaziachia zizame. Uliza pia tarehe na kama ni ya daraja la chakula, na unga uliofunguliwa ukapimwa kwenye mfuko mweusi usio na jina mimi sichukui hata kwa nusu bei.

Vaa barakoa ukipima, huu unga ukiuvuta kifuani sio mchezo, kuna watu wa viwandani wamepata pumu kwa vumbi la gua na la gamu arabiki. Na gundi zote hizi za asili ni chakula cha vijidudu, hakuna cha "jeli yangu haina kemikali", weka kihifadhi, na kama unatumia sodiamu benzoeti kumbuka haifanyi kazi mpaka mchanganyiko uwe na uchachu, nunua karatasi za kupimia. Wanaouza Tanzania, vipodozi sasa viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, Kenya ni KEBS.

Yule mteja wangu nimemwambia amuulize muuzaji vitu vitatu: seli za mmea gani, ni gramu ngapi za gundi kavu ndani ya hizo mililita 30, na cheti cha uchambuzi cha toleo hilo. Kamuuliza juzi. Mpaka sasa tiki mbili za bluu, jibu hamna.