Wi-Fi Haipandi Ghorofani: Ununue Nini Kwanza

Kwenye nyumba zetu za ghorofa, adui mkubwa wa Wi-Fi ni slabu. Ni zege lenye wavu wa nondo ndani, na chuma huzuia mawimbi ya redio. Ndiyo maana sebuleni simu inashika vizuri, ukipanda chumbani video inazunguka tu. Kuongeza kifurushi hakutasaidia: intaneti inaingia nyumbani vizuri, inakwama njiani kwenda juu.

Kabla ya kutoa hela, hamisha ruta. Mafundi wa faiba mara nyingi huiacha nyuma ya TV. Isogeze karibu na ngazi, maana pale slabu ina uwazi. Kama ina antena za kuzungusha, laza moja, kwa sababu antena iliyosimama hurusha zaidi ubavuni kuliko juu. Kisha jaribu mtandao wa 2.4 GHz, una kasi ndogo kuliko 5 GHz, lakini hupenya ukuta vizuri zaidi.

Bado haishiki? Namba moja kwangu, bila kusita, ni kupandisha waya na kufunga ruta ya pili juu. Hakuna kifaa cha hewani kinachoshinda waya. Chukua waya wa mtandao wa daraja la Cat6, wa shaba tupu. Madukani zimejaa za alumini iliyopakwa shaba, zenye alama ya CCA; kwarua ncha ya uzi kwa kisu, ukiona weupe ndani, mrudishie muuzaji. Fundi aupitishe kwenye bomba lake, mbali na nyaya za umeme. Waya huo hufika hadi mita 100, kwa hiyo nyumbani hautakosa urefu.

Ruta ya juu si lazima iwe mpya. Iweke katika hali ya AP, yaani isambaze Wi-Fi tu na kuiachia ruta ya chini kazi nyingine. Kama haina, ipe anwani yake ya IP isiyogongana na ya chini, zima DHCP (huduma inayogawia vifaa anwani), kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si WAN (la intaneti inayoingia). Ila tazama matundu: ya 10/100 hayavuki Mbps 100, kwa hiyo mwenye kifurushi cha Mbps 200 anunue ya gigabiti (Mbps 1000). Jina na nywila ziwe zilezile za chini, simu ihame yenyewe.

Namba mbili ni meshi, yaani seti ya vifaa vya Wi-Fi vinavyounganishwa hewani kuwa mtandao mmoja, hasa kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta. Vipande viwili vinatosha ghorofa moja. Wengi hukosea kukiweka cha pili kule kusikoshika kabisa. Kiweke juu ya ngazi, mahali ambapo bado kinasikia cha chini. Nunua chenye tundu la LAN, ili siku ukiruhusiwa kupitisha waya ukiunganishe.

Namba tatu ni adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Nyumba yenye fezi tatu inaweza kuzikataa, na kwenye ekstensheni hufifia, kwa hiyo zichomeke ukutani. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa.

Ripita ya kuchomeka ukutani, inayopokea Wi-Fi na kuirusha tena, naiweka mwisho. Nyingi za bei rahisi zina redio moja inayopokea na kutuma kwa zamu, hivyo kasi hushuka karibu nusu. Kwa ujumbe wa WhatsApp inatosha. Kwa mkutano wa video, hapana.

Ukiweza, ongeza UPS ndogo (betri ya akiba) kwa kila kifaa, maana umeme ukikatika ruta ya chini ikabaki peke yake, juu hakuna mtandao. Soma lebo kwanza: ruta nyingi hutumia volti 12, nyingine 9.