Suruali ya laki tano ikikutana na pasi ya mkaa

Kila ikifika Juni, kabla msimu haujafunguliwa tarehe 1 Julai, simu yangu inajaa maswali ya vijana wanaoingia vitalu vya uwindaji mara ya kwanza. Kaka nivae nini, kaka kuna suruali ya Kimarekani nimeiona soko la mitumba la Memorial pale Moshi jamaa anataka elfu themanini, nichukue au ananipiga? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja tu mkisoma mmesoma.

Mi ni traka, mfuata nyayo za wanyama, misimu minane sasa, mingi nimeifanya upande wa pori la akiba la Rungwa, na kabla hujauliza traka anatoa wapi hela ya kuvaa Sitka na KUIU, nguo za kuwindia za Kimarekani, jibu ni kwamba hanunui, anaachiwa. Mteja akimaliza siku zake 21 za kuwinda hana hamu ya kubeba nguo zenye masizi na damu ya nyati mpaka Texas, anakupa juu ya bakshishi anapanda zake kindege anaondoka. Kwa hiyo vitu ambavyo mwenyewe alivaa wiki tatu mimi navivaa miaka mitatu, na hapo ndo unajua nguo ni nguo au ni picha ya katalogi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hii watu wengi hawaijui. Huku kwetu nguo ya kuwindia haiuliwi na miiba. Miiba inachana ndio, unapeleka kwa fundi anashona maisha yanaendelea. Nguo inauliwa na dobi wa kambini. Kambi za uwindaji nguo zinafuliwa kila siku ya Mungu, zinalowekwa maji ya moto, zinasuguliwa kwa sabuni ya mche na brashi, zinaanikwa kwenye jua la Septemba ambalo linaweza kukaanga yai, halafu zinapigwa pasi ya mkaa. Na hiyo pasi sio ya urembo, kuna yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo zinazoanikwa, ukivaa funza anaingia kwenye ngozi unabaki na jipu linalotembea, kwa hiyo kila kitu kinapigwa pasi mpaka chupi na soksi. Dobi hawezi kukuachia hata ukimwomba.

Sasa chukua suruali ya nailoni ya kunyumbulika, iliyobuniwa na watu waliokuwa wanafikiria theluji, iweke chini ya pasi iliyojaa mkaa wa mninga. Msimu wangu wa pili niliachiwa moja, mpya kabisa, jina la kampuni nalihifadhi maana kosa lilikuwa letu sio lao. Jioni naenda kuichukua namkuta mzee wa dobi kaishika kwa vidole viwili kama kashika nyoka. "Mwanangu, hii suruali imenikimbia." Kweli ilikuwa imekimbia, paja la kushoto limejikunja limeng'aa kama mfuko wa Rambo uliosogezwa kwenye moto, na umbo la pasi limeachwa pale kama muhuri wa ofisi ya kijiji. Laki tano hiyo jamani. Niliivaa hivyo hivyo mpaka Desemba, wenzangu wakaniita Bwana Pasi.

Tuanze na hao Wamarekani wa bei. Sitka ilianza 2005 kule California, baadaye ikanunuliwa na W. L. Gore, wale wenye Gore-Tex, kitambaa kisichopitisha maji, na ndio maana majaketi yao ya mvua yana sifa. KUIU ilianzishwa na marehemu Jason Hairston ambaye ndiye huyo huyo alikuwa mwanzilishi mwenza wa Sitka, jina wamelitoa kwenye kisiwa cha Alaska, na tangu mwanzo walikuwa wanauza wenyewe kwa mtandao bila kupitia maduka ya watu. Wote hawa akili yao ipo kwa mtu anayepanda mlima kufuata kondoo mwitu na kila gramu anaihesabu. Suruali zao za kazi ni dola 150 mpaka 250 na kuzidi, piga hesabu ya shilingi mwenyewe uone kama utapata usingizi.

Na kiukweli kwenye mwili ni nguo tamu, siwezi kudanganya. Nyepesi, inanyumbulika unaporuka korongo, ina zipu za pembeni unafungua paja lipate upepo, na ukivuka maji saa tatu asubuhi, saa tatu na nusu umeshakauka. Mtu aliyewahi kutembea kilomita 20 na kadeti ya pamba iliyolowa jasho, mapaja yamechubuka anatembea kama bata, anajua hiyo nusu saa ina thamani gani. Suruali yangu ya KUIU ina misimu mitatu na mshono haujafumuka hata mmoja, lakini sharti lake ni moja, haijawahi kuliona beseni la dobi. Naifua mwenyewe usiku kwa maji baridi, naianika ndani ya hema inakauka kabla ya alfajiri. Ndani ya hema nimesema, nje yule nzi anakusubiri.

Ila kuna mambo mawili mteja wa Montana hawezi kukwambia. La kwanza mbung'o. Nguo laini ya kunyumbulika inalala kwenye ngozi, na mbung'o mdomo wake unapita hapo kama sindano ya nesi, wala hasumbuki. Ukiwa nyuma ya Land Cruiser ya wazi wanafuata gari kundi zima na wanachagua aliyevaa kitambaa chembamba. Kitambaa kizito kidogo kinachokaa mbali na mwili hawakipendi. La pili kelele. Nailoni kavu ikipita kwenye kichaka cha miiba inasema chwaa, chwaa, na nyati dume aliyelala kivulini mita 40 masikio yake hayalali. Mwindaji bingwa wangu wa kwanza, yaani yule anayeongoza wateja porini, alikuwa anamkwaruza mteja paja kwa kucha kabla ya kutoka kambini, ikilia sana anamwambia bosi rudi hemani kabadilishe.

Nikiwa hapo hapo kwenye mbung'o, rangi. Usivae bluu, usivae nyeusi. Vile vitambaa vya bluu na nyeusi mnavyoviona vimening'inizwa kwenye miti kama bendera ni mitego ya mbung'o, wanazifuata hizo rangi, halafu kijana anakuja kazini siku ya kwanza na jinzi ya bluu eti ngumu haichaniki. Wewe ndo utakuwa mtego wetu. Na nguo za madoa madoa kama za jeshi sahau kabisa. Sitka wametumia utaalamu mkubwa kwenye madoa yao ya Optifade, yametengenezwa kwa kufuata jinsi macho ya mnyama yanavyoona na sio macho ya binadamu, na Sniper Africa wa Afrika Kusini nao wana madoa yanayofanana na nyasi kavu utafikiri wamepiga picha Rungwa. Lakini raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo hapa Tanzania ni kesi, na askari wa barabarani hatakaa kupima kama madoa yako ni ya kuwindia swala au ya kupindua nchi. Chukua kaki, kijani iliyopauka, udongo. Tena kaki nyeupe sana nayo sio, Agosti porini kumeshachomwa, ukipita kwenye vichaka vilivyoungua unatoka umechorwa mistari ya mkaa kama pundamilia.

Kuna First Lite, hawa walianza na sufu ya kondoo wa merino. Fulana ya merino ni muujiza kwenye harufu, unavaa siku nne hainuki, wakati fulana ya polista saa sita mchana wa siku ya kwanza hata wewe mwenyewe unajiogopa. Asubuhi za Julai juu ya gari, upepo unakata masikio, ile fulana ndani na shati juu inatosha. Lakini sufu nyembamba na miiba ni paka na panya, vitundu vinaanza mabegani unapobeba bunduki ya mteja. Na maji ya moto usiseme, niliachiwa moja, ya kampuni nyingine nisiyoitaja, ikaenda kwa dobi ikarudi saizi ya mtoto wa darasa la pili. Mwanangu anaivaa mpaka leo, imemkaa vizuri.

Majaketi ya Gore-Tex sitawapotezea muda. Julai mpaka Oktoba Rungwa hakuna mvua, unabeba uzito bure. Novemba mvua zikianza hapo sawa, hapo pamba inakuwa nzito kama gunia la chumvi lililolowa na wenye nailoni na majaketi yao wanatucheka.

Sasa mshindi wangu. Sio Mmarekani, ni Mswidi, Fjällräven, kampuni ya mwaka 1960, na suruali yao ninayoisema ni Vidda Pro. Kitambaa wanakiita G-1000, ni polista 65 kwa mia na pamba 35, kimesokotwa kwa kubana hasa. Magoti ni mawili mawili na yana mfuko wa ndani wa kuweka godoro dogo ukipiga magoti. Niliachiwa na mzee mmoja aliyekuja kutafuta palahala, yule swala mkubwa mweusi, na hii ndo suruali ambayo dobi amejaribu kuiua misimu mitano ameshindwa. Maji ya moto imekula, pasi imekula. Mbung'o wengi wanagonga mwamba, upupu unapanguswa unadondoka (vaa sweta la manyoya upite kwenye upupu au kishona nguo, utalichoma moto mwenyewe), na kelele yake ni ndogo kwa sababu ile pamba. Imepauka magotini, basi. Kasoro yake ni joto, Oktoba saa saba mchana unahisi umevaa jiko, na haikauki haraka kama ya KUIU.

Halafu kilichonifurahisha, kitambaa hicho kinapakwa nta kuzuia maji na upepo. Nta yao ni mchanganyiko wa nta ya parafini, ile ya mishumaa, na nta ya nyuki, unapaka halafu unaiyeyusha kwa pasi iingie ndani. Yaani suruali ya kwanza maishani mwangu inayotaka pasi! Mzee wa dobi nilipomwambia alinitazama kama namtania. Nta yao hapa haipatikani nikajiongeza, huku Manyoni mpaka Sikonge nta ya nyuki ni ya kumwaga, nikachukua tonge nikapaka tupu bila kuchanganya. Msirudie. Ilinata kama ulimbo, vumbi lote la Rungwa likahamia kwangu, na siku mbili nyuki walikuwa wananizunguka miguuni wakinikagua kama mali yao iliyoibiwa. Changanyeni na mshumaa, nusu kwa nusu, inakaa poa.

Carhartt wa mitumba nao wana nafasi yao. Hawa ni wa Detroit tangu 1889, walikuwa wanawashonea wafanyakazi wa reli, sio wawindaji, na zile suruali zenye kitambaa kigumu cha pamba na mbele kumewekwa mara mbili ni za kukaa nazo. Nilinunua kwa elfu kumi na tano, nikaivaa kazi za kukata barabara na kujenga kambi mwezi wa sita kabla wateja hawajafika. Kufuata nyayo siku nzima hapana, nzito, na ikilowa unaweza kuilaza ikasimama. Ila wewe kijana mwenye elfu themanini mkononi unaniuliza Memorial ununue nini, nunua Carhartt ya rangi ya udongo, itakayobaki weka kwenye buti.

Buti ndo usibanie hela. Courteney wa Bulawayo, wamelichukua jina la Frederick Courteney Selous, yule yule ambaye pori la Selous liliitwa kwa jina lake, wanatengeneza kwa ngozi za nyati na kiboko na soli ya mpira laini isiyopiga kelele kwenye changarawe. Mwindaji bingwa wetu anazo jozi moja imebadilishwa soli mara mbili, ngozi bado nzima. Bei ni ya mwindaji bingwa pia. Jim Green wa Afrika Kusini ni nafuu zaidi, ile African Ranger yao kila jozi 10 zikiuzwa wanatoa jozi 1 kwa askari wa wanyamapori, na soli nayo inashonwa. Hilo neno kushonwa ulishike. Niliwahi kuachiwa buti za kupandia milima, nzuri, zinang'aa, zimegundishwa kwa gundi na soli ya ndani ni povu, zilikaa stoo msimu wa mvua, siku ya kwanza natoka nazo soli ikabaki nyuma kwenye nyayo za nyati nikarudi kambini na soksi. Gundi na joto la huku haviivani.

Mwaka huu mi sijasubiri kuachiwa. Nimeipeleka ile Vidda kwa fundi wangu Manyoni ainakili, mita mbili na nusu za kitambaa cha polista na pamba kile cha sare za walinzi, magoti mawili mawili, vifungo badala ya velkro maana velkro ukiifungua mbele ya mnyama ni kama umepiga filimbi, mfuko wa paja mmoja tu wa kulia, na tako nalo limeongezwa kitambaa kwa sababu ya kukaa kwenye bodi ya gari. Ufundi na kitambaa elfu thelathini na tano. Naichukua Ijumaa, na moja kwa moja inaenda kwa mzee wa dobi.