Kipima klorini cha vidonge kwenye skimu ya mji mdogo: uzoefu wangu

Kifaa chenyewe ni kisanduku cha plastiki angavu kinachoenea kiganjani, chenye vyumba viwili vya kutilia maji na vipande vya rangi ubavuni. Chumba kimoja kinapima klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaungana na kitu, kwa kawaida kuanzia miligramu 0.1 hadi 3.0 kwa lita. Cha pili kinapima pH, 6.8 hadi 8.2. Kinakuja na vidonge vya aina mbili: DPD namba 1 kwa klorini, kinachogeuza maji kuwa waridi, na fenoli redi kwa pH. Hakina betri wala skrini. Wengi wamekiona kwenye mabwawa ya kuogelea ya hoteli, na kweli kilitengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini kwa skimu yenye kisima kirefu, tenki la mnarani na vilula (vituo vya kuchotea maji) vichache, sijaona kifaa kingine cha gharama hiyo kinachoweza kumwambia mhudumu wa mtambo, siku hiyohiyo, kama dawa aliyotia imefika kwa mteja wa mwisho au imeishia njiani.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Ile moja naiondoa kwa sababu ya mizani ya rangi na usumbufu wa vidonge.

Nianze na upimaji, maana malalamiko mengi juu ya kifaa hiki yanatokana na mkono wa mpimaji. Fungua koki uache maji yatoke dakika mbili au tatu, mpaka yale yaliyolala kwenye kibomba cha kilula yaishe. Kama mtu ameifunga koki kipande cha mpira au kitambaa, kitoe kwanza. Suuza vyumba vyote viwili mara tatu kwa maji hayohayo, kisha jaza mpaka alama. Vingi ni mililita 10. Bonyeza kidonge kitoke kwenye foili kidondokee majini moja kwa moja. Usikiguse kwa vidole, kwa sababu jasho linaharibu kipimo. Funika, pindua juu chini mpaka kiyeyuke, na usome ndani ya dakika moja. Ukiweka kando ili upokee simu kwanza, klorini iliyokwisha kuungana na amonia nayo inaanza kutoa waridi, na namba inapanda bila dawa yoyote kuongezeka.

Soma kwa mwanga wa mchana, ukiwa kivulini, umekiinua usawa wa macho kuelekea anga. Jua la moja kwa moja linafifisha rangi. Chini ya paa la bati la bluu au turubai la kijani, waridi inageuka kitu kingine kabisa, na watu wawili watakupa namba mbili tofauti kwa maji yaleyale.

Sasa kasoro ya mizani. Lengo letu kilulani ni angalau miligramu 0.2 kwa lita, na kwa kawaida tunataka ibaki kati ya 0.2 na 0.5. Baada ya tenki, maji yakiwa yamekaa na dawa si chini ya dakika 30 na pH ikiwa chini ya 8, tunataka kuona walau 0.5. Hivi ndivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unavyoelekeza. Kisanduku cha bwawa kimepangwa kwa ajili ya 1 hadi 3, kwa hiyo ngazi zake za chini ni chache na zimeachana: kingi kinaruka kutoka 0.1 hadi 0.3. Yaani pale hasa tunapohitaji jicho kali, kifaa kina upofu. Mimi naandika "juu ya 0.1, chini ya 0.3" badala ya kubuni 0.2 ili fomu ipendeze. Yapo matoleo yenye ngazi za karibu kwa upande wa chini, yaliyotengenezwa kwa maji ya kunywa. Ukipata hilo, lichukue, hata kama linazidi bei kidogo.

Mtego mkubwa zaidi ni sifuri ya uongo. Klorini ikizidi sana, kama 10 na kuendelea, inaichubua rangi: waridi inatokea kwa kufumba na kufumbua, kisha maji yanarudi kuwa meupe. Asiyejua anaandika sifuri na kuongeza dawa. Hutokea baada ya kusafisha bomba jipya au tenki kwa dozi kubwa, au mtu alipomimina HTH, ile klorini ya punje, kwa kopo. Ukishuku, chukua mililita 1 ya sampuli kwa bomba la sindano, ongeza mililita 9 za maji yasiyo na klorini, pima, kisha zidisha kwa 10. Maji ya chupa yanafaa, ila yapime yenyewe kwanza.

Kuna waridi ya uongo pia. Visima vyenye manganizi vinaisumbua DPD: manganizi ikishakutana na klorini hutoa rangi hata dawa ikiwa imeisha. Dalili yake ni namba isiyoshuka, tenki 0.3, katikati 0.3, mwisho wa laini 0.3, pamoja na madoa meusi kwenye ndoo na matenki ya wateja. Klorini ya kweli hupungua kadiri inavyosafiri. Isiposhuka kabisa kwenye laini ndefu, peleka sampuli maabara wapime manganizi kabla hujajipongeza.

Kazi inayofanya kifaa hiki kirudishe gharama yake haraka ni kutafuta dozi. Unahitaji ndoo tano za lita 20 na mmumunyo wa asilimia 1. Kwa HTH ya asilimia 65 hadi 70, gramu 15 kwenye lita moja ya maji zinakupa karibu asilimia 1. Jaza ndoo maji ghafi ya chanzo, tia mililita 1, 2, 3, 4 na 5 za mmumunyo huo, kila ndoo kiasi chake. Kila mililita moja kwenye lita 20 ni sawa na dozi ya miligramu 0.5 kwa lita. Koroga, funika, subiri dakika 30, pima. Tuseme ndoo ya mililita 3 imebakiza 0.5: dozi yako ni 1.5, na maji yenyewe yamekula 1.0. Kwa tenki la mita za ujazo 50, hiyo ni gramu 75 za klorini, na ukigawa kwa 0.65 unapata gramu 115 za HTH. Zipime kwa mizani ya jikoni. Kijiko au kopo halitoi jibu moja siku mbili mfululizo, maana punje hushikana zikinyonya unyevu. Rudia jaribio la ndoo msimu ukibadilika, na kwa chanzo cha mserereko hata baada ya mvua kubwa moja, kwa kuwa tope linakula dawa. Maji yakiwa na uchafu unaoonekana, zaidi ya NTU 5 (kipimo cha ukungu wa maji), usitegemee klorini ikuokoe; yatulize au yachuje kwanza.

Kama mnadondosha dawa badala ya kutia tenkini kwa mkupuo, hesabu ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Pampu inayosukuma lita 2 kwa sekunde inatoa mita za ujazo 7.2 kwa saa. Kwa dozi ya 1.5 unahitaji gramu 10.8 za klorini kwa saa, yaani lita 1.08 za mmumunyo wa asilimia 1, sawa na mililita 18 kwa dakika. Kinga tone kwa bomba la sindano la mililita 20, huku saa ya simu ikihesabu. Hapa kipima klorini kitakufichulia jambo moja bila huruma: pipa lenye koki chini hudondosha haraka likiwa limejaa na polepole likikaribia kuisha. Asubuhi unasoma 0.8, jioni 0.2, na hakuna aliyegusa kitu. Suluhisho lake ni chombo kidogo chenye boya kati ya pipa na tone, ili kina kisibadilike. Sababu ya pili ni ule mchanga mweupe wa chokaa unaobaki HTH ikiyeyushwa, ambao unaziba tundu. Yeyusha kwenye ndoo, acha itulie, chukua maji ya juu tu, tupa mashapo. HTH ndiyo inayotiwa kwenye maji; usimwagie maji HTH. Na isikae chumba kimoja na jenereta, dizeli au grisi, kwa sababu ikikutana na mafuta inawaka. Vilevile isichanganywe na klorini ya vidonge vikubwa vya mabwawa, hata kwa kutumia kijiko kimoja.

Ukishapima sehemu tatu kila siku, kwenye tenki, katikati na kilula cha mbali zaidi, namba zinaanza kusomeka zenyewe. Zote zikishuka pamoja, tatizo liko mtamboni: tone limeziba, au HTH imekaa wazi ikapoteza nguvu. Tenki likiwa 0.6 na katikati 0.4, halafu kilula cha mwisho ni sifuri, tembea laini hiyo. Mara nyingi utakuta tawi ambalo maji yanalala, chemba iliyojaa maji machafu juu ya kiungio kinachovuja, au tenki la kati ambalo mashapo yake hayajatolewa mwaka mzima. Skimu za mgao ndizo zilizo hatarini zaidi. Maji yakikatwa, bomba linabaki bila shinikizo na kunyonya kinachozunguka pale linapovuja. Kwa hiyo pima ndani ya saa ya kwanza maji yanaporudi, si mchana laini ikiwa imeshajisafisha.

Watumiaji wakisema maji yananuka jiki, usikimbilie kupunguza dawa. Pima kwa namba 1, kisha kwenye sampuli hiyohiyo ongeza kidonge cha namba 3, subiri dakika mbili, soma tena. Usomaji wa pili ni klorini yote. Ukizidi wa kwanza kwa mbali, dawa yako imeungana na amonia, na harufu kali mara nyingi inatoka huko. Maana yake kuna uchafu unaoingia mahali.

Vidonge sasa. Maduka mengine hukupa namba 4 ukiomba namba 1. Namba 4 inasoma klorini yote kwa mkupuo, kwa hiyo utajiona uko salama wakati klorini huru haipo. Mengine hukuuzia vidonge vya mashine ya kidijitali, ambavyo haviyeyuki bila kupondwa. Vya kisanduku huandikwa RAPID kwenye foili. Kila kipimo kinakula kidonge, na sehemu tatu kwa siku ni vidonge 90 kwa mwezi. Jumuiya ya watumia maji ikinunua kifaa bila kuweka fungu la vidonge kwenye bajeti, baada ya robo mwaka kisanduku kinakuwa pambo la ofisi. Vitunze kwenye kopo lenye mfuniko, kivulini. Kilichogeuka rangi au kinachovunjika kikitolewa, tupa.

Karatasi za kuchovya ni za haraka, ila kwenye 0.2 siziamini. Zile dawa za matone zinazotoa njano, OTO, ziache: zinasoma klorini yote, na kemikali yenyewe si salama kwa anayeishika kila siku. Mashine ya kidijitali ni bora kuliko vyote kwa usahihi, lakini inataka betri, vioo visivyo na mikwaruzo na kuhakikiwa. Inafaa ikae wilayani RUWASA, wakala wa maji vijijini, izungukie skimu.

Kifaa hakioni bakteria, na hakioni floraidi. Kisima cha Arusha, Manyara au Singida kinaweza kusoma 0.5 safi kabisa huku floraidi ikiwa imepita kikomo cha 1.5 cha TZS 789, kiwango cha Tanzania cha maji ya kunywa, na klorini haiigusi hata kidogo. Nitreti na chumvi ni hivyohivyo. Vipimo hivyo ni vya maabara za ubora wa maji za Wizara. Ukipeleka sampuli ya bakteria kutoka kwenye maji yenye dawa, dai chupa iliyotiwa thaiosalfeti, kemikali inayozima klorini. Chupa ya kawaida inaiacha klorini iendelee kuua vijidudu njiani, na jibu la sifuri ya E. koli kwa mililita 100 halitakuwa la maji aliyokunywa mtu kilulani. Ibebe kwenye boksi la barafu, ifike ndani ya saa 6 ikiwezekana. Andika kwenye fomu namba ya klorini uliyosoma palepale, kwani bila hiyo anayesoma majibu hajui kama sifuri imetokana na dawa au na bahati.

Kwa usafi, suuza kila baada ya kipimo. DPD ikikauka inaacha utando wa waridi unaoongeza namba ya kesho. Usibadilishane vyumba, na usikisugue kwa steel wool. Plastiki ikishachakaa na kuwa na ukungu, hata maji yasiyo na klorini yataonekana yana 0.1. Ukiagiza, taja kwa maandishi: cha maji ya kunywa, ngazi za chini za karibu, DPD namba 1 RAPID vidonge 250, namba 3 kidogo, na tarehe ya kuisha muda isiwe chini ya miaka miwili mbele.