King'ora cha moshi cha kampa: kipi ununue ili kisilie kila ukikaanga

Ushauri wa zimamoto nchini Marekani ni kwamba king'ora cha moshi kikae angalau mita 3 kutoka kwenye jiko. Nyumbani hilo ni jambo jepesi. Ndani ya kampa, yaani gari la safari lenye kitanda na jiko, ya urefu wa mita 6, ukipima mita 3 kutoka jikoni unajikuta kitandani, bafuni au nje ya mlango. Basi kitunguu cha pilau kikishika rangi, au unga uliobaki kwenye kikaango cha chapati ukianza kuungua, kelele zinaanza. Mpishi anapanda kwenye kiti, anachomoa betri na kuendelea na kazi. Watu wanakula, wanalala, na betri inabaki kwenye droo.

Hatari yenyewe ni hiyo betri ya kwenye droo. Kampa imejaa mbao nyembamba, sponji na plastiki, ina mtungi wa gesi, na nyingi zina mlango mmoja. Anayesumbuliwa na milio ya uongo asikizibe king'ora kwa mfuko wa nailoni wala gundi ya karatasi. Akibadilishe. King'ora kizuri Marekani ni kama dola 15 hadi 30, Uingereza pauni 10 hadi 25.

Kabla ya kununua, jua kinacholia ni kipi

Kampa ya Marekani kwa kawaida ina vifaa vya kutambua hatari tatu: moshi, kaboni monoksidi (gesi ya sumu isiyo na harufu) na gesi ya kupikia. Wakati mwingine viwili vimeunganishwa kwenye kasha moja. Milio mitatu, kimya, kisha mitatu tena ni moshi. Milio minne, kimya, kisha minne ni kaboni monoksidi: hapo usijadiliane na mtu, toeni watu wote nje kwanza. Mlio mmoja mfupi kila baada ya nusu dakika au dakika moja ni betri inayokwisha, au kifaa kilichomaliza umri wake.

Mlio huo mfupi hupenda kuanza alfajiri ya baridi, kwa sababu betri ya alkalini hulegea joto likishuka. Betri ya volti 9 ya lithiamu hustahimili zaidi, lakini soma kwanza kibandiko uone kama king'ora chako kinairuhusu.

Kifaa cha gesi kipo chini karibu na sakafu kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa. Hicho hudanganywa na vitu vingine kabisa: dawa ya nywele, spiriti, sabuni za kupuliza, hata volti 12 za gari zikishuka. Na kifaa cha kaboni monoksidi kinaweza kulia kwa sababu ya haidrojeni inayotoka kwenye betri ya asidi iliyochajiwa kupita kiasi. Ukibadilisha king'ora cha moshi huku kinacholia ni hiki cha chini, umetupa pesa.

Kwa nini kikaango kinakichokoza

Ving'ora vya bei ya chini kabisa ni vya ayoni. Ndani yake kuna chembe ya americium-241, mnururisho mdogo unaopitisha umeme hafifu hewani. Chembechembe zikiingia, umeme unapungua na kelele zinaanza. Shida ni kwamba mafuta ya moto na mkate unaobanikwa hutoa chembechembe ndogo sana kwa wingi mkubwa, hata kabla jicho halijaona moshi. Kwa king'ora cha ayoni, hizo zinafanana na moto.

Vya fotoelektriki vinatumia taa ndogo na kihisi cha mwanga. Moshi mzito ukiingia, mwanga unatawanyika na kukigusa kihisi. Hivi havijali sana mvuke wa mafuta, na ni vyepesi kunusa moto unaofukuta polepole, kama godoro la sponji au waya unaoungua nyuma ya kabati usiku. Cha ayoni kinakitangulia kidogo kwenye moto unaolipuka kwa ndimi. Ndani ya gari la kulala, bado chaguo letu ni fotoelektriki: king'ora cha ayoni kilichochomolewa betri hakitangulii chochote.

Nafasi ya 1: fotoelektriki kilichofaulu jaribio la kupika, chenye kibali cha RV (magari ya kulala)

Nchini Marekani kiwango cha ving'ora vya moshi vya ndani ya nyumba ni UL 217. Toleo lake la 8 liliongeza jaribio ambalo ndani yake baga za nyama huchomwa chumbani, na king'ora hakiruhusiwi kulia mapema. Toleo hilo hilo liliongeza pia majaribio ya sponji ya poliyurethani inayoungua, kwa hiyo hakikufanywa kiziwi ili kifaulu. Masharti hayo yalianza kuwabana watengenezaji tarehe 30 Juni 2024. Madukani na kwenye mitandao bado kuna mzigo wa zamani, basi geuza kasha usome tarehe ya kutengenezwa.

Jambo la pili kwenye kasha ni maneno "recreational vehicles" au herufi RV. King'ora chenye kibali hicho kimepimwa kwa mtikisiko, joto kali na baridi kali. Cha nyumbani kikitikiswa kwenye barabara ya vumbi huanza kulia ovyo au kunyamaza kabisa, na hili la pili ndilo baya.

La tatu ni kitufe cha kunyamazisha. Ukikibonyeza, king'ora kinapunguza ukali kwa dakika 8 hadi 10 kisha kinarudi chenyewe. Moshi ukizidi ndani ya muda huo, kinalia tena. Kitufe kiwe kikubwa, unachoweza kukifikia kwa mpini wa mwiko. Kidogo cha kubonyezwa kwa ncha ya kalamu hakifai kwa mtu mwenye mikono ya mafuta.

Betri ya kudumu miaka 10 iliyofungiwa ndani ina faida moja kubwa: haichomoleki. Kama kampa inalala bandani miezi yote ya theluji, hii ndiyo tungenunua.

Nafasi ya 2: fotoelektriki cha kawaida chenye alama ya EN 14604, kiwango cha Ulaya cha ving'ora vya moshi

Kwa walioko Uingereza, Ujerumani na kwingineko Ulaya, hiki ndicho cha kwanza. Ving'ora vya huko karibu vyote tayari ni vya fotoelektriki. Angalia kwamba mtengenezaji ameandika kinafaa kwa karavani na magari ya kulala, maana EN 14604 ina majaribio ya nyongeza kwa matumizi hayo na si kila kielelezo kimeyapitia. Udhaifu wake ni mvuke wa maji. Sufuria ya maharage ikichemka bila kifuniko, au mtu akioga maji ya moto mlango ukiwa wazi, kinaweza kulia.

Nafasi ya 3: moshi na kaboni monoksidi kasha moja

Kwa kampa ndogo isiyo na ukuta wa kutosha, ni suluhisho la busara, kwa bei ya dola 40 hadi 60. Hakikisha upande wa moshi ni fotoelektriki, na upande wa kaboni monoksidi una kibali cha magari: Ulaya kiwango chake ni EN 50291-2, namba ya mwisho ikiwa 2, kwani 1 ni ya nyumba. Kihisi kimoja kikifikia mwisho wa umri unatupa vyote viwili. Tena, mahali panapofaa kwa moshi huenda pasiwe karibu na mito ya kulalia, ambako kihisi cha kaboni monoksidi kinatakiwa.

Nafasi ya 4: king'ora cha joto, kama nyongeza tu

Hiki hakijali moshi. Hulia joto likifika nyuzi 57 au 58 hivi. Wapishi wanakipenda jikoni nyumbani. Kwenye kampa kina matatizo mawili. Joto likifika kiwango hicho darini, aliyelala tayari amevuta moshi wa kutosha kumdhuru. Halafu gari lililofungwa na kuachwa juani huweza kukaribia kiwango hicho bila moto wowote. Kisichukue nafasi ya king'ora cha moshi mahali watu wanapolala.

Vya kuacha dukani

Cha ayoni, hata kama ni cha dola 8. Kasha huwa na herufi I, wakati cha fotoelektriki huwa na P. Nyuma ya kile cha ayoni americium imetajwa. Vile vya "vihisi viwili" vya zamani, ayoni na fotoelektriki pamoja, navyo viache: kimoja kikichokozwa, vyote vinalia, kwa hiyo umelipa zaidi kwa usumbufu ule ule. Na usinunue kisicho na jina wala alama ya kiwango, hata kiwe na nyota tano za wateja.

Kama pesa imebaki: feni ya paa

Baada ya king'ora, hakuna kitu kinachopunguza milio kama feni ya paa ya tundu la sm 36, ya volti 12. Zile nzuri, za dola 150 hadi 350, husukuma kama mita za ujazo 25 kwa dakika zikiwa kasi ya juu. Kampa ya mita 6 kwa 2 kwa 2 ina mita za ujazo 24 tu, tena kabla ya kutoa makabati. Hata theluthi ya kasi inabadilisha hewa yote kwa dakika kama tatu.

Iwashe dakika mbili kabla ya kuwasha jiko, ikitoa hewa nje, kasi ndogo, kisha fungua dirisha moja. Dirisha lipi ndilo swali. Kama king'ora kiko kati ya jiko na feni, moshi wote utapita mbele yake. Fungua la upande wa king'ora ili hewa safi ipite kwake kwanza, ifike jikoni, ndipo itoke. Feni iliyo upande wa kitanda inaweza kukulazimu kuizima na kutegemea kinyonya moshi cha juu ya jiko. Bila dirisha wazi, feni hujitafutia hewa popote, hata kwenye bomba la moshi la hita ya maji ya gesi, na huvuta ndani usichokitaka. Kasi kubwa nayo huyumbisha moto wa jiko.

Kinyonya moshi kina mtego wake: nje ya gari kuna kifuniko chenye vishikizo vya plastiki vinavyofungwa wakati wa safari. Wengi hawajui kama vipo. Feni inanguruma, moshi unazunguka na kurudi ndani.

Mahali pa kukifunga king'ora

Darini, au ukutani si zaidi ya sm 30 kutoka darini. Kiwe mbali na jiko kadiri gari linavyoruhusu, upande wa kitanda, angalau sm 90 kutoka mlango wa bafu na matundu ya kiyoyozi au hita. Kabla ya kutoboa, kibandike kwa utepe wa pande mbili kwa siku moja, upike chakula chako cha kawaida, uone. Kisha tumia skrubu, kwa kuwa gundi hulainika kwa joto.

Kila mwezi kipitishie brashi laini ya mashine ya kufyonza vumbi. Vumbi na wadudu wadogo ndani ya chumba cha fotoelektriki hutawanya mwanga sawasawa na moshi. Kijaribu kwa kitufe kabla ya kila safari, baada ya gari kukaa muda mrefu, na mara moja kwa wiki ukiwa njiani. Kikifika miaka 10 tangu tarehe ya kutengenezwa, si ya kununuliwa, kitoe.

Chakula kinacholiza hata king'ora kizuri

Chapati ndizo za kwanza, na kosa ni la unga mkavu, si la chapati. Kung'uta kila moja kabla ya kuiweka, na pangusa kikaango kwa kitambaa kikavu kila baada ya mbili. Kaangia samli, inayovumilia hadi nyuzi 250 hivi. Siagi huanza kutoa moshi kwenye 150 hadi 175. Samaki na maandazi ya kuzamishwa kwenye mafuta yakaangwe nje, kwenye jiko la kubebeka. Oveni ya kampa huwa na mafuta yaliyomwagika chini ya trei, na hita ikiwashwa mara ya kwanza baada ya miezi huunguza vumbi lake. Vyote viwili viwashwe mara ya kwanza madirisha yakiwa wazi.

Kwa kampa ya kukodi huna ruhusa ya kubadilisha kitu. Siku ya kukabidhiwa, muulize mwenye gari akuonyeshe kitufe cha kunyamazisha, vishikizo vya kinyonya moshi na mtungi wa kuzimia moto. Akikwambia king'ora "huwa tunakitoa betri", muombe airudishe mbele yako kabla hujasaini.